Harufu ya Blanketi la Mkaguzi

Mpaka leo nikiingia wodini kumwona mgonjwa, kabla hata sijamjulia hali vizuri, nainama na kunusa blanketi lake. Wanangu wananicheka. Wanasema mama ameanza kuzeeka vibaya. Wacheke tu, maana wao hawakuwapo siku ile, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mdogo mno wa kukumbuka chochote.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, watu bado wakisimama kwa heshima ya bendera hata wakiwa njiani kwenda sokoni. Tulikuwa tukikaa Amalemba, mjini Kakamega. Mume wangu alikuwa karani wa serikali, mimi nikishona nguo kwenye baraza ya duka moja. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika viti. Wakati wa palizi nikaenda naye Kabras, kwa mama mkwe, kumsaidia shamba la mahindi. Hatukukaa sana, mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kikashuka kifuani, na kila alipovuta pumzi mbavu zilikuwa zinabonyea ndani. Mama mkwe akamfunua, akamtazama, akasema ni kichomi na tusingoje gari la kwenda mjini, kwa sababu barabara ilikuwa tope tupu. Tukambeba kwa miguu hadi kituo cha afya kilichokuwa karibu.

Kituo chenyewe sikitaji jina. Jengo lake lilishabomolewa na waliofanya kazi pale wengi wametangulia. Kilikuwa na wodi moja ya watoto na mama zao, vitanda vya chuma, na dirisha lenye kioo kilichopasuka kikazibwa kwa katoni. Daktari alikuwa akitoka mjini mara moja moja. Siku nyingine zote kituo kilikuwa mikononi mwa sista mkubwa, mama wa makamo, msafi kupindukia, aliyefunga funguo zake kiunoni kwa kamba ya sare. Ulikuwa ukisikia funguo zile zinakuja, unajikuta umekaa sawa, hata kama hujafanya lolote.

Alimpima binti yangu vizuri, siwezi kumsingizia. Akasema atapigwa sindano ya penisilini asubuhi, mchana na jioni, na asiachwe apate baridi. Sindano ya kwanza tulipata. Ya jioni hatukupata. Nikamfuata nesi msaidizi, akaniambia sindano haijachemshwa kwa kuwa kuni zimelowa. Nikamuuliza kuhusu lile jiko la mafuta ya taa nililoliona kabatini, linang'aa mpaka unaweza kujitazama ndani yake. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za mbinguni, akaenda zake. Kuhusu baridi, tulipewa shuka moja jembamba. Mimi ni mshonaji, nililishika nikajua limefuliwa mpaka limechoka. Nilimfunga mtoto kwa leso zangu zote na sweta la mama mkwe, na bado vidole vyake vilikuwa baridi.

Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja na mwanawe wa kiume, mkubwa kidogo kuliko wangu, naye anaugua kichomi. Mama huyu alikuwa ametoka Lugari, ambako yeye na mumewe walikuwa wamepewa kipande cha shamba la Mzungu aliyeondoka. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinigawia obusuma, ugali wake, siku mama mkwe alipochelewa kwa ajili ya mvua, na kila alipoona nikilia alikuwa ananigusa goti bila kusema kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Nilikuwa nikihesabu pumzi za mtoto, nikipoteza hesabu naanza tena. Nililala nimemweka kifuani, nikiogopa kusinzia nisije nikaamka nimebeba kitu kingine. Sindano zilikuwa zinakuja zikitaka. Siku moja mbili, siku nyingine hakuna. Na nilikuwa naogopa pia kuuliza, kwa kuwa aliyeuliza sana alikuwa akiambiwa ampeleke mtoto wake mjini, kama ana gari.

Basi asubuhi moja niliamshwa na harufu. Harufu kali, ya vile vidonge vyeupe vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo. Nikafumbua macho nikaona sista mkubwa na wasaidizi wake wamebeba mablanketi mekundu, mazito, wanapita kitanda kwa kitanda. Wakamfunika binti yangu. Nikalishika lile blanketi. Sufu nzuri kabisa, na mikunjo yake ilikuwa imesimama pale pale lilipokunjwa kiwandani. Halikuwahi kumfunika mtu hata siku moja.

Mara nikasikia jiko la mafuta ya taa likinguruma. Maji yakachemka, sindano zikachemshwa, na binti yangu akapigwa sindano yake kabla jua halijapanda. Nesi msaidizi aliniletea maji ya moto ya kumkanda. Ule ufa wa dirishani ukawekwa katoni mpya. Uji ulikuwa na maziwa. Nilifurahi nusura nimshike sista mkono. Nilidhani kuna mtu ameomba kwa Mungu na amejibiwa.

Mama wa Lugari akaniangalia kwa huruma.

"Usizoee hiyo," akasema. "Hii mablanketi inatokanga tu wakubwa wakikuja. Mkaguzi anakuja leo kutoka Kakamega."

"Akishaenda?"

"Inarudinga kwa kabati. Mimi nililala hapa na mtoto wangu mwingine mwaka jana. Ni hivyo hivyo."

Sikumuuliza habari za huyo mtoto mwingine. Alikuwa amesema kwa namna ambayo hukuhitaji kuuliza.

Kuanzia hapo hofu yangu ikageuka sura. Kituo kizima kilikuwa kinatetemeka kwa sababu mkaguzi anakuja. Mfagiaji alifagia mahali alipokwisha kufagia. Nesi msaidizi aliangusha beseni akakaa chini akalia. Sista mkubwa mwenyewe alikuwa anapitisha kidole juu ya madirisha, kwa sababu mkaguzi wa zamani, Mzungu, alikuwa na tabia hiyo, na huyu mpya wa kwetu hakuna aliyejua tabia zake. Wote walikuwa wanaogopa aje. Mimi nilikuwa naogopa aondoke. Binti yangu alikuwa amepata joto, midomo yake imeanza kurudi rangi, na yote hayo yalikuwa yanategemea mtu nisiyemjua akae pale muda gani.

Kabla ya saa za mchana sista alisimama katikati ya wodi.

"Mkiulizwa mnatunzwa aje, semeni vizuri," akasema. "Hakuna mtu anafukuzwanga hapa kwa kusema vizuri."

 Tukaitikia sote, "Ndiyo, sista," kama watoto wa shule.

Mkaguzi alifika kwa Landrova iliyojaa tope mpaka kwenye vioo. Alikuwa mwanamume mrefu, bado kijana, suti yake imempwaya mabegani, nikajua ni ya kuazima au amekonda karibuni. Nyumbani kwa sista alikuwa amechinjiwa ingokho, maana mgeni wa heshima kwetu hapiti bila kuku, na harufu ya mchuzi ilikuwa imefika mpaka wodini. Akatembea na sista, akaonyeshwa jiko, akaonyeshwa kabati, akaonyeshwa choo. Kila alichoonyeshwa aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimemshika mtoto nikitazama nje kupitia mlangoni. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa msitu, meusi. Kwetu mvua ya alasiri huwezi kuikosa msimu ule, na ikinyesha barabara ile hakuna gari linalopita mpaka kesho yake. Niliomba mvua. Niliomba kwa moyo wote, mvua ya mawe ikiwezekana, gari lake lizame hadi milangoni, alale pale kwa sista, ale kuku wote wa Kabras, ili mradi kesho asubuhi jiko lile liwashwe tena.

Akafika kwenye vitanda. Alikuwa anauliza kila mama swali moja, "Mnatunzwa namna gani hapa?" Na kila mama alikuwa anajibu, "Vizuri." Mama wa Lugari naye akajibu vizuri, macho yake yametazama sakafu. Kisha mkaguzi akasimama mbele yangu. Sista alikuwa nyuma yake, mkono wake juu ya funguo.

Nilitaka kusema vizuri. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwangalia binti yangu, nikaona jinsi alivyolala kwa raha chini ya blanketi lile, na kikanitoka kitu ambacho sikukipanga.

"Leo, vizuri," nikasema.

Sista akaacha kuchezea funguo. Mkaguzi akanitazama, akatazama blanketi, akalishika kwa vidole viwili pale penye mkunjo. Nilidhani ataniuliza zaidi. Hakuniuliza. Alisema asante, mama, mtoto apone, akaenda kitanda kilichofuata. Nilijilaumu kwa mdomo wangu huu, ambao tangu nikiwa msichana umekuwa ukinitia matatani.

Mvua haikunyesha. Upepo uliyabeba yale mawingu kuelekea Nandi, jua likawaka kama vile hakuna kilichotokea. Mkaguzi akala, akaaga, akaingia gari lake. Niliisikiliza ile Landrova mpaka mlio ukapotea kabisa, na kabla haujapotea nikasikia funguo zinakuja.

Walianzia mlangoni. Blanketi moja moja likavutwa, likakung'utwa, likakunjwa kufuata mikunjo yake ya zamani. Mama wa Lugari alimwinua mwanawe wakachukua lake. Mtoto alilia kidogo kisha akakohoa, na kile kikohozi hakikutaka kuisha. Sista akafika kwangu. Nikajikunyata. Akanitazama, uso wake hauna hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Wewe ulisema leo," akasema. "Basi hii kaa nayo."

Akaenda. Blanketi langu likabaki peke yake, jekundu, katikati ya wodi nzima ya mashuka meupe. Mama wote walikuwa wananitazama. Sikujua ni zawadi au ni alama.

Jioni ilipoingia sista alikuja mwenyewe na sindano, mkononi, imefunikwa kwa kitambaa. Haikuwa kawaida yake kupiga sindano kwa mkono wake. Naomba msomaji anielewe hofu iliyonishika hapo. Sindano ile nilikuwa nimeililia siku zote, na sasa ilipokuja niliiogopa. Niliogopa mkono ulioishika. Niliogopa yale maji meupe ndani yake, kwa kuwa sikuwa na njia ya kujua ni nini. Nilimshika mtoto nisimtoe.

"Ni dawa tu," sista akasema kwa sauti ya chini. "Unafikiri mimi ni mtu gani?"

Nikamtoa. Akampiga vizuri, taratibu, akampangusa. Nikamuuliza, "Na ya huyu jirani?"

"Hiyo ni kesho. Mafuta ya jiko imebaki kidogo."

Akaondoka. Nilimwangalia mama wa Lugari. Hakuniangalia. Nikasogeza kitanda changu mpaka kikagusana na chake, nikamwomba amlete mwanawe. Tukawalaza wale watoto wawili ubavu kwa ubavu, tukawafunika blanketi lile moja, na sisi tukakaa kila mmoja upande wake. Joto tuliweza kugawana. Dawa hatukuweza. Wangu alikuwa anapumua vizuri zaidi kila saa inavyokwenda, na wa mwenzangu alikuwa anazidi kuchoka, na mimi niliona haya ya kumshukuru Mungu mbele yake.

Asubuhi tulikuwa bado tumekaa hivyo niliposikia gari. Hakuna aliyelitarajia. Mfagiaji alikuwa hajaamka, jiko limerudishwa kabatini, na harufu ya vidonge vya nondo ilikuwa imebaki kwetu tu. Mkaguzi aliingia wodini peke yake, suti ile ile, viatu vyekundu kwa udongo kwa kuwa alikuwa ameacha gari barabarani na kutembea. Hakupitisha kidole dirishani. Alikuja moja kwa moja hadi kitandani kwetu, na sista alifika nyuma yake akikimbia, kitambaa cha kichwani kimepinda.

Mkaguzi akaniuliza, "Na leo, mama?"

Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote. Jana nilikuwa sina cha kupoteza, ila leo nilikuwa nacho. Binti yangu alikuwa na blanketi. Alikuwa na sindano. Sindano ya mchana ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyesimama pale akihema, na mkaguzi angeondoka tena, na mimi ningebaki na huyo mwanamke. Nilitazama mkono wa mama wa Lugari. Ulikuwa juu ya kifua cha mwanawe, ukipanda na kushuka haraka haraka.

"Wangu amepata," nikasema. "Huyu hajapata sindano tangu ulipoondoka. Na blanketi ni hili moja, wengine wamenyang'anywa."

 Mkaguzi akageuka kwa sista, na hakupaza sauti.

"Jana niliona mlivyojitayarisha," akasema. "Leo nimerudi kuona kama kuja kwangu kulisaidia kitu chochote."

Nilitegemea sista ataomba radhi, au atanigeukia mimi. Alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alifungua funguo kiunoni akazishika mbele yake.

"Blanketi ikipotea, mnaniuliza mimi," akasema. "Ikichafuka, mnaniuliza mimi. Jiko ikiingia moshi, mnaandika jina yangu. Mzungu aliniandika kwa sababu ya moshi. Nimefanya hii kazi miaka mingi, bwana, na hakuna mkaguzi hata mmoja alishaniuliza ni mtoto ngapi wametoka hapa wakitembea. Hata wewe jana hukuuliza."

  Mkaguzi akavua koti lake, akaliweka kwenye kitanda kitupu, akasema, "Tuchemshe sindano, sista. Nitangoja."

Akangoja kweli. Alikaa kwenye kiti cha mbao akiangalia mpaka mtoto wa Lugari akapigwa sindano, na akangoja tena mpaka mchana, wakapigwa wote. Mablanketi yakatolewa. Sista aliyagawa mwenyewe, na alipofika kwa mama wa Lugari alisimama kidogo, akamfunika mtoto mpaka shingoni, akalibana blanketi pembeni vizuri. Hakunitazama wala mimi sikumtazama. Siku zote nilizobaki pale nilikula kwa hofu na nilimwogopa mpaka siku ya kutoka, ingawa sindano hazikukosekana tena. Mtoto wa Lugari alitoka kabla yetu kidogo, mgongoni mwa mama yake, akikohoa bado, akiwa hai.

Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba yule mkaguzi kijana aliendelea kuja bila taarifa, mara asubuhi, mara jioni, na kwamba mablanketi yale yalichakaa upesi, yakaingia matapiko na uji na moshi. Kisha akahamishwa. Waliomfuata walikuwa wanapiga simu kwanza.

Binti yangu alikua. Akasoma, akaolewa, akapata mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika ghafla, kabla ya wakati, nami nikamkuta hospitalini, mahali pengine kabisa, jengo la kisasa lenye taa kila pembe. Alikuwa amelala kwenye shuka jeupe, jasho linamtoka, nesi wawili pembeni yake, dawa zimepangwa, kila kitu mahali pake. Alinishika mkono akatabasamu.

"Mama, usiogope," akasema. "Huku wanatunza watu vizuri. Ona, hata blanketi ni jipya."

Niliinama nikalinusa. Ilikuwa harufu ile ile ya vidonge vya nondo.

Nikamuuliza nesi kwa upole, "Sista, wageni wanakuja saa ngapi?"

Akashtuka. "Wanatoka Nairobi, wako njiani. Nani amekuambia, mama?"

 Nilikunja mikono ya gauni langu, nikamshika binti yangu mabega, nikamwinamia sikioni.

"Jitahidi, mwanangu," nikamwambia. "Zaa kabla hawajaondoka."